Kuurudia Uraia: Safari ya Kibwezi, Mutomo na Kitui



Wengi wetu tulio Pwani twaijua Ukambani kwa kuipitia tu. Twaikata usiku tukiwa ndani ya basi, twashuka Mtito Andei kunywa chai na kusali, kisha twaendelea na safari ya Nairobi. Makueni kwetu ni maembe na pojo zinazoshushwa sokoni Kongowea. Kitui ni asali. Mwaka jana nilijaaliwa kuzifikia kaunti hizo mbili kwa makusudi, nikifuatana na dada yangu na mumewe. Shemeji yetu huyu ni Mkamba, mzaliwa wa Mutomo, aliyesilimu akaoa kwetu Mombasa, kisha akaishi Uingereza kwa zaidi ya miaka 30. Haja ya safari ilikuwa moja: alikuwa akitafuta ushahidi kwamba aliwahi kuwa Mkenya.

Yataka maelezo jinsi mtu aliyezaliwa Mutomo, kwa baba na mama wa Mutomo, anavyofikia kutafuta ushahidi wa namna hiyo. Shemeji alikwenda Uingereza mwaka 1989, akapata kazi ya kuendesha mabasi katika mji wa Leicester, na mwaka 1999 akaomba uraia wa huko. Sababu zake zilikuwa za kawaida. Watoto walikuwa wamezaliwa huko, nyumba alikuwa akiilipia huko, na pasipoti ya Kenya ilimtaka viza kila alipotaka kuvuka bahari kwenda Ufaransa au Uholanzi. Siku zile hafla za kukaribisha raia wapya zilikuwa bado hazijaanzishwa. Zilianza mwaka 2004. Yeye alikula kiapo cha utiifu kwa Malkia mbele ya wakili, katika ofisi ndogo iliyo juu ya duka, na jioni ile ile akarudi kazini.

Uingereza haikumtaka auache uraia wake wa kwanza. Aliyemvua ni sheria ya kwao. Katiba ya Kenya ya wakati ule, katika kifungu cha 97, ilisema kwamba Mkenya aliyetimiza miaka 21, akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, amekoma kuwa raia wa Kenya. Hakuandikiwa barua wala hakuitwa mbele ya hakimu, na kwa miaka minane hakuhisi kitu. Alihisi mwaka 2007, alipokuja kumzika mama yake. Uwanjani alielekezwa kwenye foleni ya wageni, akalipia viza, akaulizwa amekuja kwa shughuli gani na atakaa siku ngapi.

Katiba mpya ilipotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, mlango ule ulifunguliwa. Kifungu cha 16 kinasema kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Kifungu cha 14 kinaongeza kwamba aliyekuwa ameupoteza kabla ya siku hiyo kwa sababu hiyo ana haki ya kuurudishiwa akiomba. Mwaka 2011 Bunge likatunga Sheria ya Uraia na Uhamiaji, na utaratibu ukapatikana. Shemeji alizisoma habari hizo kule Leicester, akafurahi, akasema ataomba mwaka ujao. Mwaka ujao ukawa na mwaka ujao wake.

Kilichomwondoa kitini ni mauti ya baba yake. Mzee huyo alihama Mutomo katika miaka ya 1970 akafyeka msitu karibu na Kibwezi, akaacha ekari 12 zenye hatimiliki, na juu yake makaburi mawili: la mkewe na sasa lake. Wana walipokutana na wakili wa mirathi, wakili akamgeukia shemeji na kumwuliza pasipoti yake ni ya nchi gani. Kisha akawasomea kifungu cha 65 cha Katiba: asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya milele. Ataipata kwa kukodisha tu, na muda wake hauzidi miaka 99.

Ndugu mmoja alipendekeza njia ya mkato, fungu la shemeji liandikwe kwa jina la mdogo wake, wenyewe watajuana. Pendekezo lilitolewa kwa nia njema, na familia nyingi huipita njia hiyo. Shemeji alikataa. Alisema kwamba yeye na mdogo wake watajuana, lakini watoto wao wamekutana mara mbili tu maishani, na watoto wa watoto hao huenda wasikutane kabisa. Basi akaamua kuomba.

Tulipanda treni ya asubuhi kutoka Miritini, ile isimamayo vituo vyote, tukashuka Kibwezi. Kwa upande wa kushoto vilima vya Chyulu vilikuwa vimejifunika ukungu. Mvua inayonyesha juu ya vilima vile huzama katika mawe ya volkano, hutembea chini ya ardhi, na kuibuka katika chemchemi za Mzima. Kutoka huko bomba huyaleta maji hayo hadi Mombasa. Dada yangu, aliyezaliwa Majengo na kulelewa kwa maji hayo, alitazama vilima vile muda mrefu bila ya kusema neno.

Kibwezi ni nchi ya mibuyu na vumbi jekundu. Mito mingi ya huko ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka, na wenyeji huchimba mchanga huo kupata maji. Shamba la marehemu lilikuwa na miembe iliyopandwa kwa safu, zizi la mbuzi, na makaburi yale mawili chini ya mti. Tulipokelewa kwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe, na jioni wakaja jirani na jamaa.

Miongoni mwao alikuwamo binti wa ndugu wa shemeji, aliyerudi kutoka Saudia baada ya kufanya kazi za nyumbani kwa miaka kumi na moja. Alimsikiliza ami yake akieleza habari za Leicester, kisha akauliza swali ambalo sisi wengine hatukulifikiria: “Kwani ami, kule unaweza kuomba?” Yeye alikuwa ameishi miaka yote hiyo chini ya kafili, ruhusa yake ya kukaa ikifungamana na jina la mwajiri, wala hakuwahi kumsikia mfanyakazi mwenziwe aliyepewa uraia wa nchi ile. Kwake yeye pasipoti ya Kenya ilikuwa ndiyo pekee, na ndiyo iliyomrudisha. Ami yake hakuwa na jibu. Alimwambia tu, “Basi itunze, mwanangu.”

Siku ya pili tuliifuata barabara ya Kitui. Lami imefika siku hizi, na gari huuvuka mto Athi na kuupanda uwanda wa Yatta, ule ukuta mrefu wa mawe ya volkano ulionyooka kama boma, kisha hushukia Ikutha na kufika Mutomo. Hii ni Kitui ya kusini, nchi kame, yenye vichaka vya miiba na vilima vya mawe.

Mahitaji ya ombi yalikuwa yamemnyima shemeji usingizi. Mwombaji hutakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa raia, na vilevile kuonyesha uraia alioupata baadaye. Hili la pili lilikuwa jepesi, kwa kuwa cheti cha Uingereza alikuwa nacho. La kwanza ndilo lililotuleta. Kitambulisho chake cha zamani kilipotea katika kuhama nyumba, pasipoti ya zamani vivyo hivyo. Cheti cha kuzaliwa hakuwahi kuwa nacho, kwa sababu alizaliwa nyumbani, zama ambazo watu wa Mutomo walizaliwa na kuzikwa bila ya karani kupata habari. Ilibidi kuzaliwa kwake kuandikishwe sasa, akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na kwa hilo palihitajika mtu aliyekuwapo.

Mtu huyo alikuwa amebaki mmoja: dada mkubwa wa mama yake. Tulimkuta ameketi nje ya nyumba, shuka mabegani, macho yamekwisha kuingia ukungu. Shemeji alipomsalimu kwa Kikamba, aliushika mkono wake akaupapasa kiganja, akamwita kwa jina la utotoni ambalo dada yangu, baada ya ndoa ya miaka 36, hakuwahi kulisikia.

Karani wa ofisi ya chifu alikuja mwenyewe kumwona, kwa heshima ya umri wake. Alikuwa kijana mpole wa pale pale. Akamwuliza, “Susu, huyu alizaliwa mwaka gani?” Susu ndilo neno la Wakamba kwa nyanya. Bibi akajibu kwamba yeye hajui hesabu za miaka. Karani akauliza tena, kwa namna nyingine: “Ilikuwa njaa gani?”

“Ya Ndeke,” akasema bila ya kusita. “Ndege zilikuwa zikileta mahindi. Mama yake aliogopa mngurumo kuliko uchungu. Mimi ndiye niliyemkata kitovu.”

Karani akaandika: 1961.

Msomaji apaswa kujua kwamba Wakamba huzipa njaa zao majina, na majina hayo ndiyo kalenda ya wazee. Iko Ndeke, njaa ya ndege, ya mwaka 1961, ukame ulipofuatwa na mafuriko na chakula kikaletwa kwa ndege. Iko Nikw'a Ngwete ya 1984, maana yake “nafa nami nimeshika,” yaani mtu alikuwa na fedha mkononi na chakula hakipatikani. Kijana yule karani alizaliwa baada ya njaa hizo zote, lakini alizijua kwa mpangilio wake kama mwanafunzi wa madrasa anavyojua sura fupi. Na cheti cha shule ya msingi cha shemeji, karatasi pekee ya zamani iliyonusurika, kilikuwa na mwaka ule ule.

Lakini cheti hicho kilizua fundo jingine. Jina lililokuwamo ni lile la kwao. Pasipoti ya Uingereza ina jina alilolichukua aliposilimu. Kwa macho ya karatasi hao ni watu wawili, mmoja aliyepotea Mutomo na mwingine aliyezuka Leicester. Chifu akaita mashahidi wawili wasio wa ukoo, mmoja wao mtu aliyekaa naye dawati moja darasa la tatu, na bibi akatia dole gumba lake chini ya maelezo yake. Kesho yake tukaenda mji wa Kitui kula hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na kupeleka maombi ya cheti kwa msajili.

Jina la Kitui husemekana kutokana na wafua chuma. Kutoka nchi hii Wakamba waliongoza misafara ya pembe hadi Mombasa katika karne ya 19. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri, alikuwa na makao yake huku, na kwake ndiko alikofikia mmisionari Krapf mwaka 1849. Wengine katika Wakamba wa misafara walibaki kwetu, na mpaka leo wako Rabai, Mariakani na Shimba Hills. Watu wa Pwani nao walipanda kuja huku. Tulisali Adhuhuri msikitini mjini, na baada ya sala mzee mmoja aliyetutambua kwa lafudhi alituketisha barazani. Babu yake alitoka Pwani. Baba yake na yeye walizaliwa Kitui, na Kikamba ndiyo lugha ya nyumbani kwake.

Alipopata habari ya safari yetu, alitabasamu. Alituambia kwamba ujanani, wenziwe wa shule walipokwenda kuchukua vitambulisho, wao walirudi navyo, na yeye akarudi na orodha ya karatasi za kutafuta, pamoja na hati za babu yake. Jina lake lilitosha kumfanya aulizwe. “Mkamba mwenzangu huyu,” akasema akimwelekea shemeji, “leo ameulizwa lile nililoulizwa mimi nikiwa na miaka 18.” Shemeji aliinamisha kichwa. Alikiri kwamba alipokuwa kijana hakuwahi kufikiri kuwa swali hilo laweza kuulizwa mtu yeyote aliyezaliwa hapa.

Sisi wa Pwani twalijua. Mabibi na mabwana wangapi wamesimama mbele ya kamati za uhakiki wakitakiwa kuleta cheti cha babu aliyekufa kabla ya Uhuru?

Tulirudi kwa njia ya Machakos. Huko Muindi Mbingu anakumbukwa kwa lile la mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipotwaa ng'ombe za Wakamba kwa madai kwamba wamezidi. Aliwaongoza maelfu kwenda Nairobi kutaka kumwona Gavana, wakapiga kambi huko wiki kadhaa. Ng'ombe zilirudishwa, yeye akahamishiwa Lamu. Hivyo wazee wa Lamu walipata kumwona Mkamba aliyefukuzwa kwao kwa kudai haki ya kwao.

Kutoka Machakos gari hushukia barabara kuu ya Mombasa na kuingia Makueni kwa upande wa juu, ambako kuna mji uitwao Sultan Hamud. Umeitwa kwa jina la Sayyid Hamoud bin Muhammed, aliyetawala Unguja kutoka 1896 hadi 1902, reli ilipokuwa ikijengwa. Wapitao husoma kibao wakapita. Lakini jina hilo lakumbusha kwamba ukanda wa Pwani ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani hadi mkataba wa Oktoba 1963, na kwamba tarehe 12 Disemba mwaka huo wazee wetu walilala wakiwa raia wa nchi mpya. Aliyezaliwa Kenya na mzazi wake mmoja akazaliwa Kenya alikuwa raia papo hapo. Wengine wengi walipewa miaka miwili ya kuomba. Shemeji, mtoto wa miaka miwili Mutomo, aliupata uraia siku ile bila ya kuomba.

Wapo walioomba na wakangojea zaidi ya nusu karne. Kwenye barabara hii hii, Oktoba 2016, Wamakonde wa Kwale walianza safari ya miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, na wajukuu walikuwa bado hawana hati ya nchi yoyote. Tarehe 13 Oktoba Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu na kuamuru wasajiliwe. Wapemba wa Kilifi na Kwale walifuata, wakatambuliwa Julai 2023. Tulipofika Makindu tulisimama katika hekalu la Masingasinga, ambalo tangu zama za reli huwalisha wasafiri wa dini zote bila malipo, tukapumzika. Hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi.

Ombi la shemeji lilipelekwa kwa njia ya mtandao wa serikali baada ya cheti cha kuzaliwa kutoka. Ofisi moja iliturudisha mara mbili kwa herufi moja ya jina, tukarekebisha. Katika mwezi wa sita jibu lilikuja: amekubaliwa. Fungu lake la shamba sasa litaandikwa kwa jina lake. Watoto wake nao waligundua jambo ambalo hawakulijua. Chini ya kifungu cha 14, aliyezaliwa popote kabla ya Agosti 2010 ni raia wa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake ni raia au aliwahi kuwa raia. Katiba ya zamani haikumruhusu mama Mkenya kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa ng'ambo. Leo dada yangu aweza.

Bibi wa Mutomo hakulisikia jibu hilo. Alifariki wiki saba baada ya kutia dole lake gumba, Mwenyezi Mungu awape subira wafiwa. Lau shemeji angesema mwaka ujao mara moja zaidi, pasingebaki mtu duniani wa kumwambia karani ilikuwa njaa gani.

Kwa hivyo, ndugu msomaji mwenye jamaa ng'ambo, mpelekee maneno haya. Aliyeupoteza uraia kabla ya Agosti 2010 aombe kurudishiwa. Aliyechukua uraia wa pili baada ya hapo hakuupoteza wa kwanza, lakini sheria yamtaka autangaze huo wa pili katika muda wa miezi mitatu, na kutofanya hivyo ni kosa. Majina yanayotofautiana yaunganishwe kwa hati ya kiapo sasa, kabla ya haja. Na wiki hii, kabla ya mengine yote, kaeni na mzee aliyebaki katika ukoo wenu mkiwa na kalamu. Mwulizeni nani alizaliwa wapi, mbele ya nani, na katika tukio gani: mvua ipi, jahazi lipi, mwaka gani wa maradhi. Yaandikeni, atie mkono wake, na nakala iwekwe nyumba mbili.